Mama alisema "naweza", IHSS ya kaunti yetu ikamkata saa

Nilitaka kutoa nyota moja, tena kwa shingo upande. Sasa nimefika mbili, ila nikimkumbuka yule afisa najuta.

Mnaowatunza wazazi nyumbani kupitia IHSS, mpango wa California unaomlipa mtu wa kumsaidia mzee au mlemavu nyumbani kwake, mnajua kwamba saa zote za msaada zinazolipwa hutokana na ziara ya afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Aliyekuja kwetu hakumaliza nusu saa. Macho kwenye kompyuta, mkalimani kwenye simu, maswali mfululizo: unaweza kuvaa? Unaweza kuoga? Mama, aliyelelewa kutomlalamikia mgeni, akajibu kila mara, "Naweza, mwanangu, namshukuru Mungu." Nilipojaribu kueleza nikakatizwa: "Namuuliza yeye."

Hapo ndipo saa zilipopotea. Kila kazi hupewa daraja, kuanzia 1 mpaka 5. Wa 1 anajitegemea, hapati hata dakika. Wa 2 anahitaji kukumbushwa kwa maneno, wa 3 kushikwa mkono kidogo, wa 4 kusaidiwa sana, wa 5 hawezi kabisa bila mtu. "Naweza" ya mama ikaandikwa 1. Hakuulizwa anatumia dakika ngapi, nani anamfunga vifungo, nani anamshika akiingia bafuni. Barua ya uamuzi ikaja: kuvaa sifuri, kuoga sifuri.

Nikawapigia Mamlaka ya Umma ya IHSS kwa ukali, na hapo nilikosea. Saa hawapangi wao. Kazi yao ni orodha ya wahudumu waliokaguliwa, mafunzo, na majadiliano ya mshahara na chama cha wafanyakazi. Dada aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nigeuze barua nisome nyuma. Nyota ya pili ni yake.

Nyuma ya barua kuna maelezo ya kuomba kesi isikilizwe na jaji wa jimbo. Una siku 90, lakini usizingoje! Ukiomba kabla ya tarehe ambayo punguzo linaanza, saa za zamani zinaendelea mpaka uamuzi utoke. Barua hutumwa angalau siku 10 kabla ya tarehe hiyo, na posta nayo hula siku zake, kwa hiyo omba siku ile ile unayoifungua. Kaunti ikikubali kupima upya, huenda msifike kwa jaji kabisa.

Kabla ya ziara weka daftari la wiki nzima: kila kazi na dakika zake, siku mbaya zikiwemo. Kama kuna sindano au kidonda cha kufunga, daktari ajaze fomu ya SOC 321. Kama akili imepungua na hawezi kuachwa peke yake, ni fomu ya SOC 821. Usipoteze nguvu kubishania usafi wa nyumba: kwa kawaida ni saa 6 kwa mwezi kwa nyumba nzima, tena hugawanywa kwa wote wanaoishi humo. Bishania kuoga, kuvaa na choo, maana hizo ni za mzazi peke yake. Na mkalimani ni haki yenu bila malipo, lakini mkalimani hutafsiri maneno, hatafsiri heshima. Mwambie mzazi aonyeshe, asijibu kwa mdomo tu.

Afisa wa pili, aliyekuja kwetu kupima upya, alijua hilo bila kuambiwa. "Mama, nionyeshe unavyovaa sweta hii." Akasubiri. Mkono wa kwanza ukaingia, wa pili ukakwama nyuma ya bega. Akaandika 4, saa zikarudi.

Lilikuwa ombi moja tu, na halikuchukua hata dakika mbili. Yule wa kwanza bado anazunguka majumbani mwa wazee wanaosema "sijambo" hata wakiwa na homa. Kwake yeye, nyota moja.