Ngowe na asumini ukutani: tathmini ya picha niliyoinunua Lamu

Picha hii ya maua na matunda, iliyochorwa kwa rangi za mafuta juu ya turubai yenye upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 50, niliinunua kwa shilingi 18,000 katika duka moja la sanaa mjini Lamu, na nimekaa nayo miezi minane kabla ya kuitolea maoni.

Kilichonivuta ni maembe. Mchoraji ameweka ngowe nne, aina ya maembe ya pwani, katika sinia ya shaba, na aliyekulia pwani hahitaji kuambiwa kuwa ni ngowe, kwani umbo ni refu, ncha imejipinda, na manjano yake yanakolea taratibu hadi kuwa rangi ya chungwa. Moja ina doa jeusi la utomvu karibu na kikonyo, alama ibakiayo embe linapoanguliwa bila uangalifu, na doa hilo ndilo lililonishawishi kwamba aliyechora alikuwa na tunda lenyewe mbele yake. Mwanga unaingia upande mmoja tu, kutoka juu, kama unavyoingia kutoka uani katika nyumba zetu za mawe, na nyuma ya sinia kuna kidaka, kishubaka cha ukutani cha kuwekea vitu, chenye kivuli kizito.

Giza hilo la nyuma ni mtindo wa wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Rachel Ruysch (1664–1750), mchoraji Mholanzi na binti wa mtaalamu wa mimea, alikuwa akificha wadudu kati ya maua na matunda yake, na mchoraji wetu naye ameweka sisimizi juu ya embe la pili, ambaye mimi nilimwona wiki ya tatu.

Asumini, kwa masikitiko yangu, hazikufikia kiwango hicho. Huku kwetu huchumwa alasiri zikiwa bado hazijachanua, zikatungwa, zikafunguka usiku. Humu zimefunguka zote katika mwanga wa mchana, nyeupe tupu bila kivuli cha kijani wala kijivu, hata zinafanana na pamba. Rihani iliyo kando yake ina uhai zaidi.

Duka nalo lina lawama. Rangi ya mafuta ikipakwa nene hukauka polepole sana, nao waliifunga picha kwa gazeti kabla haijakauka, wino ukaganda juu ya petali mbili. Misumari ya fremu ilishika kutu kabla ya miezi miwili kwa hewa ya chumvi, na turubai, iliyogusana na ukuta wa matumbawe, ikaanza kunyonya unyevu. Seremala alitia skrubu za shaba na vipande vya mbao nyuma ili hewa ipite, kwa shilingi 2,500.

Kwa ajili ya ngowe zile ningeinunua tena, ila safari hii ningedai kazi ya seremala ifanywe dukani kabla sijalipa.