Ombi la familia la I-130 ukiwa Dodoma: panapofaa na panapokwama

Tuanze na hukumu. Huduma ya Marekani ya kuombea ndugu ukaazi ni ya wazi kuliko wengi wanavyodhani na ina zana nzuri za kufuatilia, lakini kwa kasi haistahili hata nyota mbili kati ya tano. Ucheleweshaji ambao familia inaweza kuuepuka uko huku kwetu, kwenye bahasha ya vyeti iliyofungiwa kabatini Nkuhungu au Kikuyu.

Kuna jambo linalotangulia mengine yote kwa sasa. Tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025, lililoanza kutumika 1 Januari 2026, limeiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa zuio la sehemu la kuingia Marekani, na viza za uhamiaji zimo ndani ya zuio hilo. Hata wake, waume na wazazi wa raia wa Marekani hawakusamehewa. Hata hivyo kinachozuiwa ni viza. Ombi lenyewe bado linaweza kupelekwa, na tarehe ya foleni, ile inayopanga zamu yako ya viza, huhesabiwa tangu siku lilipopokelewa, ndiyo maana wengi wanaendelea kuomba. Wakala asiyekueleza hili huku anakudai ada, mkimbie.

Ombi ni fomu I-130, na anayeipeleka kwa idara ya uhamiaji ya huko, USCIS, ni ndugu aliyeko Marekani, awe raia au mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Tangu 1 Aprili 2024 ada ni dola 625 kwa anayejaza mtandaoni na dola 675 kwa anayetuma karatasi. Ajaze mtandaoni, na si kwa ajili ya dola 50 tu: risiti hutoka mara moja, nyaraka zilizosahaulika huongezwa kwenye akaunti ileile, na barua za USCIS huonekana humo hata ile ya posta ikipotea. Mwombe akutumie picha ya barua nzima ya risiti. Namba peke yake, zile herufi tatu na tarakimu kumi, haitoshi, kwa sababu tarehe ya foleni, aina ya ombi na tahajia ya majina viko kwenye barua. Jina lililokosewa ni rahisi kulirekebisha wiki hiyo. Likigunduliwa dirishani siku ya mahojiano, kesi inaweza kusimama.

Ukurasa wa USCIS unaoonyesha muda wa kushughulikia maombi ndio unaosomwa vibaya kuliko zote. Muda unaotajwa pale ni ule ambao asilimia 80 ya kesi zilikamilika ndani yake, maana yake kesi moja kati ya tano inauvuka na hakuna aliyekosea. Humo humo kuna kisanduku cha kuingiza tarehe ya risiti, nacho kinakuambia lini utaruhusiwa kuuliza. Ukiuliza kabla ya siku hiyo utajibiwa usubiri. Siku ikipita, mwombaji atume ulizo mtandaoni, na likikosa majibu ya maana aandikie ofisi ya mbunge wa jimbo analoishi. Sisi wakazi wa mji wa Bunge tunaweza kushangaa, lakini kule ofisi za wabunge zina watumishi wa kazi hiyo hasa. Mwombaji husaini fomu ya kuruhusu taarifa zake zitolewe, na hatozwi chochote. Hilo halimrukishi foleni, ila huibua faili lililolala.

Kuharakishwa kunawezekana kwa dharura ya kibinadamu au hasara kubwa ya fedha, tena kwa ushahidi kama vile barua ya hospitali. Upweke wa wanandoa, hata wa miaka, hauhesabiwi. I-130 haina kabisa huduma ya kulipia haraka, kwa hiyo anayekuuzia “fasta” anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ombi likikubaliwa watu hushangilia kana kwamba tiketi imekatwa. Kwa mke, mume au mzazi wa raia, na kwa mtoto wake aliye chini ya miaka 21 asiye na ndoa, ni kweli hakuna foleni ya namba. Waliobaki hugawana takriban viza 226,000 kwa mwaka, dunia nzima, na zamu yao hutangazwa kila mwezi kwenye Taarifa ya Viza. Tanzania haina safu yake humo. Tazama safu ya kwanza, ya nchi zote zisizotajwa. Mwishoni mwa 2025 kundi la F4, kaka na dada wa raia, lilikuwa bado linahudumia maombi ya 2008, na F3, watoto wenye ndoa wa raia, maombi ya 2011. Kaka anayemwombea dada yake leo amweleze hivyo waziwazi, asije akaacha kazi au kuuza kiwanja cha Ihumwa akidhani anaondoka mwakani.

Kinachoumiza familia zetu zaidi ni harusi. Kijana wa Mpwapwa ameombewa na mama yake mwenye grini kadi. Miaka inakwenda, wazee wanapeleka posa, mahari inalipwa, ndoa inafungwa. Siku hiyohiyo ombi linakufa, kwa sababu mwenye grini kadi hana kundi la mtoto mwenye ndoa, na talaka ya baadaye hailifufui. Mama akipata uraia kwanza, ndipo kijana aoe, ombi linahamia F3 na tarehe yake ya foleni inabaki. Shehe au mchungaji hawezi kujua habari hizi. Ni juu ya familia kupanga ratiba. Kuificha ndoa ni kosa baya zaidi, maana swali hilo linaulizwa kwa kiapo.

Umri wa mtoto nao una hesabu yake. Mtoto wa raia, umri wake husimama siku ombi linapopokelewa. Mtoto wa mwenye grini kadi, chukua umri wake siku viza inapopatikana, kisha toa siku ambazo ombi lilikaa USCIS bila kuamuliwa. Kwa mfano, zamu imefika akiwa na miaka 21 na siku 200, na ombi lilikaa siku 400: kisheria bado yuko chini ya 21, mradi achukue hatua ya kuomba viza ndani ya mwaka mmoja. Barua ya kupokelewa na ile ya kukubaliwa zitunzwe pamoja, kwani ndizo zinazobeba tarehe za hesabu hiyo.

Halafu kuna suala la watoto kumfuata mama yao. Mwenye grini kadi akimwombea mkewe, watoto hufuata kwenye ombi lilelile. Raia akimwombea mke, hawafuati: kila mtoto anataka I-130 yake na ada yake. Baba akipata uraia katikati ya safari, mke anatoka kwenye foleni kwa furaha na watoto wanabaki bila ombi. Maombi yao yaandaliwe kabla baba hajala kiapo.

Baada ya USCIS faili huenda Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, ambacho tunakipa alama nzuri kuliko wengine wote. Kinatangaza kwenye tovuti yake kinapitia nyaraka zilizopokelewa tarehe gani, kwa hiyo unajilinganisha mwenyewe. Ada ni dola 325 ya viza na dola 120 ya kukagua hati ya udhamini, nazo hulipwa kutoka akaunti ya benki ya Marekani tu. M-Pesa haiingii, wala kadi ya benki ya hapa. Fomu ya viza ni DS-260, na udhamini ni I-864, ambapo mdhamini aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani kwa idadi ya watu wake pamoja na wanaokuja. Kesi ikikaa, nyaraka za kodi huchakaa. Mdhamini awe na za mwaka wa karibuni kabla ya mahojiano. Na ingia kwenye akaunti ya NVC, au uwaandikie, angalau mara moja kwa mwaka. Mwaka mzima wa ukimya baada ya kutaarifiwa kuwa zamu imefika unaweza kufuta usajili. Zuio la sasa lisiwe kisingizio cha kunyamaza.

Herufi tatu za mwanzo za namba ya kesi ya NVC huonyesha ubalozi, DRS ikiwa ni Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024, safari yenyewe si tatizo tena. Kipimo cha afya hufanywa na daktari aliyeorodheshwa na ubalozi, baada ya tarehe ya mahojiano kutoka; cheti cha hospitali nyingine yoyote, hata iwe kubwa namna gani, hakipokelewi.

Sasa vyeti vyetu. Wazee wengi wa Bahi, Chamwino na Kongwa hawana cheti cha kuzaliwa, au walikipata uzeeni kupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya kwa ajili ya RITA. Cheti kilichosajiliwa miaka mingi baada ya mtu kuzaliwa ni halali, lakini peke yake huzua barua ya kudai ushahidi zaidi, ambayo hupewa hadi wiki 12 kujibiwa. Ambatanisha tangu mwanzo cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au cheti cha darasa la saba. Anayemwombea baba aongeze cheti cha ndoa ya wazazi, kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha mwombaji hakitoshi kwa baba kama kinavyotosha kwa mama.

Majina ndiyo yanayokwamisha zaidi. Mtu ni Chiku kwenye cheti cha kuzaliwa, Christina shuleni, na kwenye kitambulisho cha NIDA ana jina la baba bila la babu. Fomu za Marekani zinataka jina la ukoo moja tu, lile la pasipoti, na majina mengine yote yaandikwe kwenye nafasi ya majina mengine yaliyotumika. Hati ya kiapo ya wakili husaidia kueleza tofauti, haibadilishi cheti. Marekebisho ya RITA na NIDA yafanyike sasa, wakati wa kusubiri, kisha ndipo pasipoti ikatwe. Ukianza na pasipoti utailipia mara mbili.

Hukumu za talaka za Mahakama ya Mwanzo ni za Kiswahili. USCIS haisomi Kiswahili: kila ukurasa utafsiriwe kwa Kiingereza, na mfasiri aandike na kusaini kuwa anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni kamili. Muhuri wa wakili si sharti hapo. Cheti cha polisi, kinyume na vyeti vingine, usikiwahi: NVC hukihesabu miaka miwili tangu kitolewe.

Mwisho ni steshenari za mjini. Kwa kuskani tunazipa alama zote. Kwa kujaza DS-260, hapana. Mhudumu mwenye haraka hufungua akaunti kwa baruapepe yake mwenyewe, na ujumbe wa NVC unaishia kwenye simu ya kijana aliyekwishahama duka. Nenda na baruapepe yako, andika nywila kwenye daftari lako, na ukurasa wa uthibitisho wa DS-260 uchapishwe hapohapo, maana ndio utakaobeba kwenda kwenye mahojiano.