Lenzi ya kubana kwenye simu: miezi mitatu na makoo ya samaki

Hii ni ile lenzi ndogo yenye kibanio, unaibana juu ya kamera ya simu unapiga picha vitu vidogo. Niliagiza mtandaoni shilingi 1,200, duka silitaji. Waliandika inakuza mara 200, porojo tupu hiyo, haifiki hata karibu. Lakini sijairudisha na nitawaambia kwa nini.

Mi hufundisha bayo sekondari na tukifika mada ya mageuzi ya viumbe watoto wote husinzia, ndo nikasema wacha nitafute kitu cha kushika mkononi. Nikashuka soko la samaki Mji wa Kale, nikamwomba kijana anayepara samaki anitolee koo la pono. Akanitazama weee. "Mwalimu, koo la nini na nyama hii hapa?"

Nikalichemsha, nikalisugua na mswaki mkuukuu, nikabana lenzi. Wallahi nilishtuka. Pono ana ule mdomo wa kasuku wa kukwangulia mwani kwenye matumbawe, hiyo kila mtu anaijua, kumbe kule kooni ana taya zingine kabisa, meno yamepangwa safu safu kama vigae, mengine yamelika yakawa bapa mengine bado makali. Hicho ndo kinu chake, mawe ya matumbawe yanasagwa humo yanatoka nyuma mchanga, yani ule mchanga mweupe tunaochezea ufuoni mwingine umepita tumboni mwa pono.

Nikachukua na tilapia wa friza. Kooni ana kimfupa cha pembe tatu chenye vijimeno vyembamba kama nywele za brashi. Tilapia ni ukoo wa sikilidi, pamoja na wale mamia ya aina wa Ziwa Victoria. Zamani wataalamu waliwaweka pono na sikilidi kundi moja sababu ya hizi taya za koo, DNA ikaja kuwaumbua, kumbe kila ukoo ulizipata kivyake. Unene wa taya za sikilidi umehusishwa na jeni, yani kipande cha DNA cha kurithi, inaitwa bmp4, na hiyohiyo imehusishwa na midomo minene ya shorewanda wa visiwa vya Galapagos, ndege na samaki jamani! Ila sio jeni peke yake, kuna sikilidi mla konokono, Astatoreochromis alluaudi, ukimfuga ukamlisha vitu laini taya yake ya koo inakuwa nyembamba. Fomu tatu waliposikia hiyo hakuna aliyesinzia.

Sasa ubaya wake. Lazima usogee karibu sana hadi simu inajitilia kivuli, mi hutumia tochi ya simu ya mwanafunzi kwa ubavuni. Kibanio kimelegea mwezi wa pili, nikamwandikia muuzaji, kimya mpaka leo. Na inaona padogo mno, nilileta kichwa cha samaki mkunga, yule ambaye 2007 watafiti wa Marekani walionyesha taya zake za koo hurukia mbele hadi mdomoni zikavuta windo ndani, nikaishia kuona jino moja moja tu, vile zinavyokaa pamoja hupati.

Nyota tatu na nusu. Na ukiitumia kwa samaki ipanguse na ndimu siku hiyohiyo, yangu raba yake inanuka mpaka naificha nje dirishani.