Jenkins pale bildi inapofia kwenye kuvuta kodi: miaka minne na Mzee wa Taulo

Wakuu, mwaka wa nne huu natumia Jenkins hapa ofisini Mwanza na leo sitaki kuongelea mambo yake yote maana nitakesha, nataka kitu kimoja tu ambacho wanaoisifia wenye intaneti isiyozingua hawakigusagi. Bildi (zamu moja ya kujenga na kupima programu) ikifia pale mwanzo kabisa kwenye kuvuta kodi (maandishi ya programu, sio ya TRA), kabla hata faili moja halijakompailiwa, Jenkins anafanya nini na wewe unabaki na kazi gani.

Kwa wageni: Jenkins ni programu ya bure, ukipush kodi (ukiituma kwenye hifadhi ya timu) yeye anaivuta, anaijenga, anaendesha majaribio, anakuambia imepita au imekufa. Zamani ilikuwa Hudson, kazi ya Kohsuke Kawaguchi alipokuwa Sun Microsystems, halafu Oracle walipoinunua Sun ukaja ugomvi wa jina, 2011 ikawa Jenkins. Logo yake ni mzee kavaa suti na taulo mkononi kama mhudumu wa hoteli za kizamani, ndo maana ofisini kwetu anaitwa Mzee wa Taulo. Tumemweka kwenye desktopu chini ya meza ya dada wa uhasibu, ripo yetu (hifadhi ya kodi) iko nje ya nchi, na katikati hapo kuna faiba ya ofisi ambayo ikiamua kulala inalala, tunahamia modemu ya 4G.

Sasa tuanze na kitu kilichonikera mwanzoni. Ukiingia Manage Jenkins, ukaenda System, kuna kisanduku kimeandikwa SCM checkout retry count, yaani arudie mara ngapi kuvuta kodi ikishindikana, na defoti yake ni 0. Sifuri kabisa! Yaani mtandao ukikohoa sekunde mbili tu bildi inakuwa nyekundu, barua pepe inaenda kwa timu nzima, na aliyepush mwisho anaanza kuulizwa kavunja nini wakati maskini kabadilisha rangi ya kitufe. Miezi mitatu ya kwanza tuliishi hivyo na matokeo yake watu wakazoea nyekundu kama abiria alivyozoea mlango wa daladala usiofunga, hakuna aliyefungua logi tena, na siku kodi ilipovunjika kweli iliingia mpaka kwa mteja na email tatu za kuonya ziko kwenye inboksi hazijasomwa. Hilo nalihesabu kosa letu, ila defoti ya sifuri ilitusaidia kukosea.

Ukiweka 3 pale mambo yanabadilika. Akishindwa anaandika kwenye logi "Retrying after 10 seconds", anangoja, anajaribu tena. Kwa mkato wa mtandao wa kawaida, ule wa faiba kuzima na kurudi, inatosha kabisa, asilimia kubwa ya nyekundu zetu za uongo zilipotea wiki hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba ni sekunde 10 zile zile kila raundi, haziongezeki, sasa kama mtandao umeondoka dakika tano raundi zote tatu zinaishia ukutani. Na kama unaandika Jenkinsfile (faili la hatua za bildi) usikitegemee hicho kisanduku, zungushia checkout yako (hatua ya kuvuta kodi) amri ya kurudia, retry(3), mwenyewe. Hii retry nayo ina tabia yake, haipumziki hata kidogo, inagonga papo kwa papo, kwa hiyo ndani yake lazima uweke sleep kwa mkono wako. Kizuri chake ukiikatisha bildi mwenyewe kwa kubonyeza ile x nyekundu inakuelewa, haianzi upya kama mtoto msumbufu.

Nilipoona retry inafanya kazi nikanogewa. Nikapandisha ile namba ya kwenye System mpaka 5, nikajiona fundi.

Kilichonipata ni hiki. Siku moja agenti mpya (mashine inayomfanyia Jenkins kazi ya kujenga), haina kitu, inatakiwa ivute ripo nzima ambayo ni kama GB 1.4 maana miaka ya nyuma kuna mtu alikomiti (alihifadhi) video za mafunzo humo (tunamjua, hatumtaji). Faiba imelala, tuko kwenye modemu, spidi kama MB 2 kwa sekunde. Plagini ya Jenkins ya Git, chombo kinachotunza historia ya kodi na kuivuta, ina taimauti ya dakika 10 kwa kuvuta, na kwa spidi ile dakika 10 ni GB 1.2 tu. Unaona inavyokuja? Anavuta, anafika asilimia 80 na kitu, dakika 10 zinagonga, anakatwa. Retrying after 10 seconds. Na Git ikikatwa katikati ya kukloni (kuvuta ripo mara ya kwanza) haiendelezi ilipoishia, inaanza sifuri kama hukuwahi kuvuta chochote. Mara ya kwanza pamoja na marudio matano ni mara sita, mimi niko zangu nakula sato nikijua Mzee anapambana, narudi baada ya saa nzima nakuta bando la GB 10 limebaki GB 3 na bildi bado nyekundu. Dada wa uhasibu ndo anayenunua bando. Sitaeleza mazungumzo yaliyofuata.

Dawa tulikuwa nayo muda wote, hatukuitumia tu. Ya kwanza ni kukloni kwa kina cha 1, kwenye setingi za plagini kuna shallow clone, unavuta komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya mwisho bila historia, ripo yetu ikashuka chini ya MB 100. Angalia tu kama namba ya toleo lako inatoka kwenye tagi (lebo ya toleo) kwa git describe, hapo itakosa historia ya kusoma na itakulalamikia. Ya pili, ambayo ndo naipenda zaidi, ni reference repository: unaweka nakala kamili ya ripo kwenye diski ya agenti, kron (kipanga ratiba cha mashine) inaisasisha usiku, na Jenkins akitaka kodi anachukua vilivyopo hapo na kwenye mtandao anafuata vipya tu. Tangu tuweke hiyo kuvuta kodi ni sekunde, hata kwenye modemu. Ya tatu ni kupandisha ile taimauti, kitu cha kuandika namba moja. Ukifanya hizi tatu kwanza ndo uje kwenye retry, sisi tulienda kinyume.

Halafu kuna makosa ambayo ukirudia mara mia ni mia. Tarehe 24 Machi 2023, Ijumaa, GitHub, wanaohifadhi ripo za watu mtandaoni, walibadilisha ufunguo wao wa RSA wa SSH (ule ambao mashine hutambulia sava zao) baada ya ule wa zamani kuonekana kwa muda mfupi kwenye ripo ya wazi. Mashine yoyote iliyokuwa imehifadhi ule wa zamani ikaanza kukataa, "Host key verification failed", na hapo inakataa kwa haki kabisa kwa sababu ndo kazi yake kukataa ufunguo isioujua. Retry haijui hilo. Kwa retry mtandao kukatika, nenosiri kuisha, ufunguo kubadilika, brachi (tawi la kodi) kufutwa, vyote ni kitu kimoja: imeshindwa, rudia. Linganisha na tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kubahatisha, pale ndo mahali pa retry hasa, tena zenye subira ndefu, maana ukigonga mara tatu nne kuna moja inapita.

Lingine la aina hiyo ni umeme. Ukikatika wakati Git inaandika, inaacha kifaili kinaitwa index.lock ndani ya folda ya .git, umeme ukirudi kila bildi kwenye agenti hiyo inakufa kwa kuambiwa kifaili kipo tayari, na retry itakuambia hivyo hivyo mpaka kesho. Unaenda unakifuta kwa mkono, au unafuta woksipesi (folda ya kazi ya bildi) nzima. Tuna karatasi imebandikwa juu ya monita: UMEME UKIRUDI ANGALIA LOCK.

Hii ya retry kuzungushiwa vibaya nisiipite. Dogo mmoja wa kwetu, kwa nia njema, akaona kuandika retry kwenye checkout tu ni uchoyo, akaizungushia stage nzima (kundi zima la hatua za bildi) pamoja na majaribio. Ndani ya stage ile kulikuwa na hatua inayotuma SMS ya majaribio kwa namba ya bosi, halafu jaribio linalofuata baada ya hapo lilikuwa lina bagi kweli. Saa tano usiku bosi kapata SMS tatu mfululizo za kumkaribisha kwenye mfumo wake mwenyewe. Zungushia kuvuta kodi peke yake jamani. Ukizungushia majaribio, lile linalopita mara moja kati ya tatu litaonekana kijani na utaenda nalo hivyo hivyo mpaka kwa mteja.

Siku hizi tunafanya hivi: kabla ya checkout kuna git ls-remote, ambayo inauliza tu orodha ya brachi na tagi bila kuvuta kodi yenyewe, ni nyepesi sana. Hiyo ndo tunairudia, subira ya kwanza sekunde 10, ya pili 30, ya tatu 90. Jibu likiwa na maneno ya ruhusa au ya ufunguo tunakatisha hapo hapo na ujumbe unaenda kwa mtu wa sava tu, sio timu nzima. Likiwa la mtandao tunaendelea kusubiri, na ikishindikana kabisa bildi inapewa NOT_BUILT badala ya FAILURE, ikimaanisha kodi hatukuipima, na aliyepush halaumiwi. Ni kama mistari 25 ya Groovy, lugha ya kuandikia hatua za Jenkins. Na hapo ndo namkata Mzee nyota, kwa sababu kitu kama hiki nilitegemea nikikute tayari, sio nikishone mwenyewe.

Wapinzani wake wamejitahidi zaidi. Kwenye GitHub Actions, ile actions/checkout inarudia yenyewe mpaka mara tatu kwa subira ya bahati nasibu kati ya sekunde 10 na 20, na inavuta komiti moja tu bila kuambiwa. GitLab CI ina GET_SOURCES_ATTEMPTS unayoiweka mpaka 10, ingawa nayo defoti yake ni 1, na retry yake unaweza kuichagulia sababu, kwamba rudia runner (mashine inayoendesha bildi) ikizingua tu lakini skripti ikifeli acha. Na kaka mmoja hapa aliyeanzia kwenye CruiseControl.NET, programu ya zamani ya kazi hii hii, enzi hizo huwa anatucheka, maana ile ilikuwa na setingi ya kusema usipige kelele mpaka kushindwa kufike idadi fulani, na nyingine ya kusimamisha projekti kabisa ikifika hapo. Kitu cha kizee kile kina akili kuliko chetu kwenye hili.

Kuna moja bado linaninyima usingizi, nalo ni poling. Kama umemwambia Jenkins aulize ripo kila dakika tano, akishindwa kuuliza haanzishi bildi, na kwa kuwa hakuna bildi hakuna nyekundu. Projekti inabaki na jua lake linawaka pale kwenye dashibodi, kosa limelala kwenye Git Polling Log ambayo hakuna anayeifungua. Tuliwahi kukaa tangu asubuhi hadi saa tisa mchana tukisifiana kwamba leo hakuna kilichovunjika, kumbe tokeni (nenosiri la Jenkins kuingilia ripo) ilikuwa imeisha muda na hakuna kilichojengwa. Sasa hivi nimeweka bildi ya lazima kila saa mbili hata kama hakuna kodi mpya, ni dawa ya kienyeji lakini inafanya kazi.

Nyota zangu 3 na nusu kati ya 5. Bei haina mpinzani, inakaa kwenye mashine yako mwenyewe, na ukiijulia inastahimili mtandao wetu vizuri kuliko nilivyodhani. Ukiwa na ripo ndogo na watu watatu na hamna mtu wa kushona Groovy, nenda kwa hizo nyingine. Sisi tunabaki na Mzee, na wiki ijayo anahamishwa kutoka chini ya meza ya uhasibu, dada kasema feni yake inamkanza miguu.