Blue Letter Bible kwa neno baraq: inasaidia wapi, inapotosha wapi

Blue Letter Bible ni tovuti na programu ya simu isiyolipishwa. Hapa tunaipima kwa neno moja la Kiebrania, בָּרָק, baraq, yaani umeme. Ni kipimo kizuri, kwa kuwa neno hili halina aya nyingi: unaweza kuzisoma zote kwa kikao kimoja na kuona kama maelezo uliyopewa yanasimama.

Fungua Kutoka 19:16 katika King James, tafsiri ya Kiingereza, bonyeza "Tools" pembeni mwa aya, halafu "Interlinear". Maneno ya aya yatapangwa pamoja na namba za Strong, mfumo unaotokana na faharisi ya James Strong ya 1890. Kila neno la asili lina namba yake, H ikiwa ya Kiebrania na G ya Kiyunani. Umeme ni H1300. Bonyeza namba hiyo na utapata matamshi ya kusikiliza, aina ya neno, mzizi wake H1299, maana fupi ya Strong, kamusi ya Gesenius, na chini kabisa orodha ya aya.

Wengi huishia kwenye maana fupi. Teremka hadi kwenye aya, ndiko thamani ya chombo hiki iliko. Baraq limetumika mara 21. Mara 14 King James imelitafsiri kuwa umeme: Sinai, Zaburi 18:14, 77:18, 97:4, Yeremia 10:13, uso wa yule mtu wa Danieli 10:6, na kadhalika. Mara 7 zilizobaki ni silaha zinazometameta: Kumbukumbu la Torati 32:41, Ayubu 20:25, Ezekieli 21 mara tatu, Nahumu 3:3 na Habakuki 3:11. Theluthi nzima ya matumizi ni ya chuma kilichonolewa! Kwa hiyo baraq kiini chake ni mmeto, ule mwanga wa ghafla unaopiga macho. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko Kiingereza, maana sisi tunatenga umeme unaoonekana, radi inayopiga na ngurumo inayosikika. Baraq ni ile ya kuonekana. Na kitenzi chake, H1299, kipo mara moja tu, Zaburi 144:6, kikiwa bega kwa bega na nomino yenyewe: beroq baraq, "metesha umeme".

Sasa kasoro. Ya kwanza ni kwamba namba moja haikupi umeme wote wa Biblia. Katika Kutoka 20:18, mlima uleule na siku zilezile za 19:16, Biblia yetu ya Union inasema tena "umeme", lakini Kiebrania kimebadilika kuwa lapidim, mienge (H3940). Ezekieli 1:13 ina baraq, aya inayofuata ina bazaq (H965). Ayubu 28:26 ina haziz (H2385), na Ayubu 37:3 ina 'or, nuru ya kawaida (H216). Anayefundisha juu ya umeme kwa H1300 peke yake anaacha aya hizo zote nje bila kujua. Dawa yake ni kutafuta kwanza neno la tafsiri, kisha kukagua namba ya kila aya.

Ya pili ni hesabu ya aya. Ukilinganisha na Biblia ya Kiebrania iliyochapishwa, Zaburi 18:14 iko kwenye 18:15, Nahumu 2:4 kwenye 2:5, na Ezekieli 21:10 kwenye 21:15. Usidhani umekosea ukurasa.

Ya tatu ndiyo inayoumiza zaidi, ingawa kosa ni la mtumiaji: kuunganisha namba kama matofali. Yapo madai kwamba Yesu katika Luka 10:18, aliposema alimwona Shetani akianguka kama umeme, alitaja jina la Barack Obama, eti baraq u-bamah. Luka kimeandikwa kwa Kiyunani, na neno lake ni astrapē (G796). Bamah (H1116) ni mahali pa juu pa ibada. Mbingu ni shamayim (H8064). Ile u ya katikati, inayodaiwa kuwa o ya Obama, maana yake ni "na", hivyo hata kwa Kiebrania ungepata "umeme na mahali pa juu", si "kutoka mbinguni". Na jina Barack ni baraka yetu hii hii, mzizi b-r-k, unaoandikwa kwa herufi כ, kafu. Umeme unaandikwa kwa ק, qofu. Magazeti ya Israeli huandika jina lake kwa ק, ila hiyo ni desturi ya uandishi tu. Anayebeba umeme kweli ni Baraki wa Waamuzi 4 (H1301), na Ehud Barak, waziri mkuu wa zamani wa Israeli.

Msomaji wa Kiswahili ajiandae pia kwa Kiingereza: maelezo ya kamusi ni ya lugha hiyo, na Gesenius ana ufupisho mwingi. Mwenye Kiarabu cha madrasa atafarijika, kwani barq ya Surat al-Baqara aya ya 19 na 20 ni ndugu wa damu wa baraq, ilhali radi yetu ni ra'd ya aya hiyohiyo ya 19, ambayo Kiarabu ni ngurumo.

Kwa kufuatilia aya, tunaipa nne kati ya tano. Kwa kuchagua maana, usiitumie bila kamusi kubwa pembeni.