Kola ya umeme au filimbi na kamba ndefu kwa mbwa wa kondoo?

Kola ya umeme ni kidude cha shingoni chenye ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi, we unashika rimoti, mbwa akizingua unabonyeza anakula shoti. Inavutia kwa sababu inamfikia hata akiwa ng'ambo ya bonde. Sasa shida iko kwenye taimingi, ukichelewa kidogo tu shoti inamkuta anamwangalia kondoo, basi kichwani mwake kondoo ndo kamuumiza, na Border collie, aina ya mbwa wa kuchunga kondoo, walivyo na hisia kali anaweza kugoma kabisa kusogelea kundi, hapo umebaki na mbwa wa kulinda geti.

Filimbi na kamba yataka subira, hilo sibishi. Unaanza na kondoo wachache waliotulia kwenye zizi dogo, kamba ya mita 10 hivi inaburuzika chini, akichomoka unaikanyaga. Mlio mmoja wa filimbi azunguke kundi kufuata mshale wa saa, mwingine kinyume, mwingine alale. Tena zawadi yake si biskuti, ni kuruhusiwa kuendelea na kazi, mbwa hawa wanapenda kuchunga kuliko kula!

Wales, nchi ya kondoo haswa, walipiga marufuku hizo kola tangu 2010. Na utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, uliotoka 2020 ulikuta waliofundishwa kwa zawadi wanatii amri haraka kuliko wa kola. Mi nachukua filimbi, tena ya plastiki bei chee.