Faiba ya 20 Mbps na video za 4K nyumbani Kyaliwajjala: uzoefu wangu

Kuna watu wanasema Kampala huwezi kutazama 4K, ile video ya picha kali sana, bila laini ya intaneti ya mega 100 (yaani spidi ya Mbps 100), jamani sio kweli, mimi naitazama hapa Kyaliwajjala, pembeni mwa Kampala, kwa faiba ya mega 20 na picha iko safi kabisa. Netflix wenyewe wanasema mega 15 zinatosha kwa 4K, YouTube wanasema 20, na 1080p, ile HD ya kawaida, inataka 5 tu, sasa hizo 100 za nini kama nyumba ina tivii moja?

Ila hiyo 20 iwe ya kweli na itulie, hapo ndo kwenye kazi. Saa mbili usiku mtaa mzima umesharudi nyumbani, laini yangu inashuka mpaka 11 hivi, na Netflix haikwami, inapunguza tu ubora kimyakimya, unashangaa nyuso zimeingia ukungu. Ndo maana napima spidi kwa tovuti ya fast.com, ile inavuta kutoka seva za Netflix, na napima usiku, sio saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Watoto nao wakiwa chumbani kila mmoja na video yake kwenye simu, mega ni zilezile mnagawana.

Kilichonisaidia kuliko kulipia kifurushi kikubwa ni waya. Wifi ya 2.4 GHz kwenye fleti inagombana na za majirani wote, nikavuta kebo toka kwenye ruta hadi kwenye tivii, basi, matatizo mengi yakaisha. Kama waya hauwezekani tumia wifi ya 5 GHz, ile masafa ya pili ya ruta, lakini ruta ikae chumba kimoja na tivii maana kuta zinaimaliza haraka.

Bando la simu sikushauri kabisa ndugu yangu. 4K inakula mpaka GB 7 kwa saa, filamu moja ya saa mbili GB 14 zimeenda, na tangu Julai 2021 data Uganda ina ushuru wa asilimia 12 mbali na VAT! Tafuta laini isiyo na kikomo na usome masharti yote, zingine ukipita kiasi fulani spidi inakatwa.

Halafu akaunti ya Netflix iwe Premium, kile kifurushi chao cha juu, za chini yake hazitoi 4K hata uwe na mega 1000.

Umeme ukikatika ruta inazima, mimi nimenunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta, na naomba kampuni za faiba zituletee hiyo kitu siku ileile wanayokuja kufunga laini.